Maswali ya Wasomaji: Mtazame Anayesikiliza

Barua za mwezi huu zimetoka mitaa mbalimbali ya Nairobi, na nyingi zinauliza namna ya kuutazama na kuuthamini uigizaji katika filamu za zamani za Hollywood, yaani zile zilizotengenezwa tangu sinema ilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Nimechagua tano, na kwa kuwa hazina uzito sawa, sikuzipa zote nafasi sawa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili na mlezi wa chama cha drama. Niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu mbili za miaka ya 1940, wakacheka tangu mwanzo hadi mwisho. Wanasema waigizaji wale wanatia chumvi, wanaongea mbio, na kwamba hakuna mtu duniani anayelia namna ile. Nifanyeje ili waone ninachokiona mimi? (Mwalimu, Kayole)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana macho mazuri, kwa sababu kile wanachokiona kipo. Wanachokiita kutia chumvi ni mtindo, na mtindo ule ulikuwa na sababu zake. Baada ya The Jazz Singer ya mwaka 1927 kuwathibitishia wenye studio kwamba watazamaji wanataka kusikia sauti, waliwatafuta watu waliojua kutamka, na wengi wakatoka katika majukwaa ya New York na London, ambako mwigizaji alifunzwa kumfikia mtu wa kiti cha mwisho kwa nguvu ya kifua chake. Vinasa sauti vya miaka ile ya kwanza navyo vilikuwa vigumu kusogeza, hivi kwamba mwigizaji alilazimika kusimama karibu na mahali vilipofichwa na kuyatoa maneno yake waziwazi. Kisha, kuanzia mwaka 1934, studio zilianza kutekeleza kwa ukali kanuni za maadili ambazo zilizuia mambo mengi kusemwa au kuonyeshwa, na mwigizaji akajifunza kupitisha tamaa, chuki au hofu katika kimya kifupi, katika namna ya kuwasha sigara, au katika kuchelewa kidogo kujibu.

Kwa hiyo ukiwauliza wanafunzi kama watu wa kawaida huongea vile, utawapoteza, kwa maana jibu ni la, na halitufikishi popote. Watu wa Mombasa ya zamani hawakuzungumza sokoni kwa mizani na vina vya Muyaka, na hakuna anayemlaumu Muyaka kwa hilo. Waulize swali lingine: ndani ya mtindo ule, mwigizaji huyu ameamua kufanya nini ambacho mwenzake asingekifanya? Uamuzi huo, kwa maoni yangu, huonekana vizuri zaidi pale ambapo mwigizaji haongei kabisa. Maneno ameandikiwa na mtu mwingine, lakini jinsi ya kusikiliza ni yake mwenyewe. Waonyeshe onyesho moja mara mbili, mara ya pili bila sauti, na uwaambie wasimtazame anayesema bali wamtazame anayeambiwa.

Anza na The Little Foxes ya mwaka 1941, iliyoelekezwa na William Wyler. Bette Davis anaigiza nafasi ya Regina, mwanamke anayetamani mali kuliko kitu chochote, na Herbert Marshall anaigiza Horace, mumewe mwenye ugonjwa wa moyo. Wakiwa katika mazungumzo makali, Horace anashikwa na maumivu, chupa yake ya dawa inavunjika, naye anamsihi mkewe amletee nyingine kutoka ghorofani. Regina haondoki kitini. Mume anajikokota nyuma yake kuelekea ngazi, na mpiga picha Gregg Toland anamwacha awe kivuli chenye ukungu huku kamera imekazia uso wa mke. Mwelekezi mwingine angetuonyesha mtu anayekufa, lakini Wyler anatuonyesha mtu anayesikia kifo kikitokea mgongoni pake. Davis hatikisiki. Shingo imesimama, macho yamekaza mbele, na mwili mzima umegeuka kuwa sikio linalohesabu hatua za mtu anayeshindwa kupanda. Anapoanguka, ndipo mwanamke yule anaporuka na kuita msaada, naye anaita kwa sauti ya mke mwema. Wanafunzi waliokuwa wakicheka kwa sababu Davis anakuza mambo watashangaa kuona ni mwanamke yuleyule aliyetulia hivi, na wataanza kuelewa kwamba kukuza na kutulia vyote vilikuwa chini ya amri yake.

Kisha waonyeshe The Grapes of Wrath ya mwaka 1940, ya John Ford, inayohusu familia ya wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa katika shamba walilolilima kwa vizazi. Kabla ya kuondoka, mama wa familia, anayeigizwa na Jane Darwell, anakaa peke yake karibu na moto akichambua sanduku la vitu vyake vya zamani na kuchoma asivyoweza kuvibeba. Anakuta hereni. Anaziinua, anaziweka masikioni, na kujitazama kwenye kioo katika mwanga hafifu, na katika uso ule mpana wa mama wa makamo unapita msichana aliyewahi kuzivaa. Hasemi neno. Darwell alipewa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa filamu hiyo, na mimi naamini onyesho hilo peke yake lingetosha kuistahili. Katika darasa la Kayole hutakosa mwanafunzi ambaye nyanya yake aliwahi kufunga mizigo usiku na kuchagua cha kubeba na cha kuacha, na mwanafunzi huyo hatahitaji kufafanuliwa chochote.

Nakuonya juu ya jambo moja. Ukifika On the Waterfront ya mwaka 1954, wanafunzi watampenda Marlon Brando mara moja, kwa sababu waigizaji wengi wanaowaona leo wamepita katika njia aliyoipitia yeye. Brando alifunzwa New York na Stella Adler, aliyekuwa amekutana na Stanislavski mwenyewe, yule mwalimu mkuu wa uigizaji kutoka Urusi, mjini Paris mwaka 1934, na alipenda kuonekana kana kwamba fikra inamjia papo hapo. Katika onyesho la bustanini, Eva Marie Saint anaangusha glavu yake, Brando anaiokota, lakini badala ya kuirudisha anaichezea na hatimaye anaivaa mkononi mwake huku akiendelea kuzungumza. Kwa masimulizi ya waliokuwapo, glavu ilianguka kwa bahati wakati wa mazoezi, na mwelekezi Elia Kazan akaona heri ibaki hivyo. Kila kitabu kinamsifu Brando hapo, na anastahili. Lakini wewe waelekeze wanafunzi kwa yule msichana, ambaye filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kwake. Anaitaka glavu yake, hawezi kuondoka bila hiyo, na polepole inamdhihirikia kwamba hataki kuondoka. Mkono wake unajaribu kuichukua na macho yake yanakataa. Mwigizaji mmoja amepata wazo zuri, na mwingine amelifanya liwe na maana kwa kulipokea.

SWALI: Ujanani mwangu tulikuwa tukijazana katika gari la rafiki yetu kwenda Fox Drive-In, Barabara ya Thika. Sidney Poitier alikuwa shujaa wetu. Sasa mjukuu wangu anasema Poitier alisifiwa kwa sababu ya kuwa wa kwanza tu, wala si kwa ufundi. Nimjibu nini? (Mzee wa Buruburu)

JIBU: Mzee wangu, pokea heshima zangu. Kuwa wa kwanza hakukuwa jambo dogo, na mjukuu asilipite haraka. Poitier aliitwa jukwaani kupokea Oscar ya mwigizaji mkuu wa kiume kwa filamu ya Lilies of the Field mwezi Aprili 1964, miezi minne baada ya bendera yetu kupandishwa hapa Nairobi, na hakuna mwanamume Mweusi aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Hata hivyo, ufundi wake unaweza kupimwa bila kutaja tuzo yoyote.

Mweleze kwanza habari ya sauti. Poitier alizaliwa Miami mwaka 1927 na kulelewa Bahamas katika umaskini, akafika New York akiwa kijana asiyesoma vizuri na mwenye lafudhi nzito ya visiwani. Alipojaribu kujiunga na kikundi cha American Negro Theatre alifukuzwa. Akanunua redio, akawa anawasikiliza watangazaji na kuwaiga, sentensi baada ya sentensi, huku akiosha vyombo hotelini ili apate riziki. Ile sauti iliyonyooka mliyoisikia mkiwa ndani ya gari pale Barabara ya Thika ni kitu alichokijenga kwa mikono yake, na mtu anayejenga sauti kwa kusikiliza huwa amejifunza mambo mawili kwa pamoja.

Kisha mketi mtazame filamu mbili. Ya kwanza ni Something of Value ya mwaka 1957, ambayo sehemu yake ilipigwa hapahapa Kenya wakati wa Hali ya Hatari. Poitier anaigiza Kimani, kijana Mkikuyu aliyekua pamoja na mtoto wa mlowezi, nafasi ya Rock Hudson. Filamu ile inaitazama vita ya Mau Mau kwa macho ya walowezi, na mtu wa Nairobi hawezi kuimeza hivihivi, wala simshauri mtu yeyote kuichukua kama historia. Lakini ndani yake kuna kofi. Kimani anapigwa na mmoja wa familia ile aliyoidhani ni kama yake, na fedheha hiyo inamwanzisha katika safari inayomfikisha msituni. Hadithi haimruhusu kurudisha, kwa hiyo Poitier anabaki na hasira ambayo haina pa kwenda, naye anaibeba katika mabega na taya muda mrefu baada ya onyesho lile kwisha. Waandishi walimpa Kimani maneno machache kuliko aliyostahili, na mwili wa Poitier ukasema yaliyobaki.

Ya pili ni In the Heat of the Night ya mwaka 1967, iliyoelekezwa na Norman Jewison. Hapa yeye ni Virgil Tibbs, mpelelezi kutoka Philadelphia aliyekwama katika mji mdogo wa Mississippi, ingawa kwa sehemu kubwa filamu ilipigwa Sparta, Illinois, kwa kuwa Poitier hakutaka kufanya kazi Kusini mwa Marekani. Tibbs na mkuu wa polisi wanamhoji tajiri mwenye shamba la pamba ndani ya nyumba yake ya kukuzia maua. Tajiri anaudhika kwa kuulizwa swali na mtu Mweusi na anampiga kofi. Tibbs anarudisha papo hapo, bila hata kuvuta pumzi. Kumbi za sinema za siku zile zililipuka kwa kelele, na bado ni mojawapo ya matukio makubwa ya filamu za Marekani. Lakini mwambie mjukuu asiishie kwenye kofi. Aangalie sekunde zinazofuata. Tajiri anamwuliza mkuu wa polisi atachukua hatua gani, naye Rod Steiger, ambaye tangu filamu ianze amekuwa akitafuna ubani kwa kasi inayobadilika kila anapofikiri, anajibu kwamba hajui, na kweli hajui, maana ulimwengu aliouzoea umetikisika chini ya miguu yake. Pembeni yupo mtumishi Mweusi aliyeshika sinia, ambaye uso wake unahesabu gharama ya jambo lile. Katikati yao wote amesimama Poitier, amenyooka, ameirudisha hasira yake ndani kama panga linavyorudishwa alani, na anatusikilizisha ukimya. Steiger alipewa Oscar kwa kazi hiyo na aliistahili. Poitier hakuteuliwa hata kushindania. Mimi naona ile ilikuwa dhuluma, kwani Steiger anatetemeka kwa sababu mbele yake kuna mtu asiyetetemeka, na kazi ya yule asiyetetemeka ndiyo ngumu zaidi.

SWALI: Nasomea sanaa za maonyesho chuoni. Mhadhiri wetu alimsifu sana Hattie McDaniel katika Gone with the Wind, na baadhi yetu tuliudhika. Je, ni haki kumsifu mwigizaji aliyeigiza mtumwa anayewapenda mabwana zake? (Mwanafunzi, Kahawa)

JIBU: Mwanangu, mmeudhika kwa haki, na msikubali mtu awaondolee uchungu huo kwa sababu ya tuzo. Filamu ile ya mwaka 1939 inauremba utumwa. McDaniel hakuhudhuria uzinduzi wake mjini Atlanta, kwa kuwa sheria za ubaguzi za Georgia zilimfungia mlango, na usiku wa Februari 1940 alipokuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Oscar, aliketishwa kwenye meza ya kando katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, mbali na wenzake wa filamu ileile. Hayo yote ni kweli, na kumsifu yeye hakuisafishi filamu.

Lakini tazama onyesho la ngazi, kuelekea mwisho. Mtoto wa Rhett, bwana wa nyumba, amekufa, na Mammy, yaani McDaniel, anampandisha ghorofani Melanie, yaani Olivia de Havilland, huku akimsimulia jinsi baba alivyopagawa kwa huzuni. McDaniel anapanda, anasema, analia, na sauti inakatika katikati ya hatua, lakini hakuna neno linalopotea. Melanie anasikiliza tu, na kila ngazi inaongeza uzito usoni mwake. Wote wawili walikuwa wameteuliwa kwa tuzo ileile. Katika filamu inayomtaka Mammy awe kichekesho na mlezi, McDaniel anachukua dakika chache na kuwa ndiye pekee anayeuelewa msiba wa nyumba ile wote.

Ukitaka kuona jambo hilo likipelekwa mbele zaidi, tafuta Imitation of Life ya mwaka 1959, ya Douglas Sirk. Juanita Moore ni mama Mweusi ambaye binti yake, nafasi ya Susan Kohner, anajificha miongoni mwa Wazungu kwa sababu ya weupe wa ngozi yake. Mama anamfuata hadi chumba anachokaa, ili amuage tu. Mara rafiki wa binti anaingia, na mama, kwa kumlinda mwanawe, anajifanya kuwa yaya aliyemlea zamani. Papo hapo, mbele ya macho yetu, Moore anavaa sauti na mgongo wa yule mtumishi ambaye Hollywood ilikuwa imewalazimisha waigizaji kama McDaniel kumwigiza miaka yote, nasi tunaona gharama ya vazi hilo. Binti amegeuza uso, na inabidi asikilize mama yake akimkana kwa upendo. Sijui onyesho jingine la miaka ile linaloniumiza kuliko hilo. Mjadili hayo mawili kwa pamoja darasani, na mhadhiri wenu atakuwa na mengi ya kujibu.

SWALI: Humphrey Bogart ni Bogart katika kila filamu. Je, huo ni uigizaji? (Msomaji, South B)

JIBU: Ni uigizaji, ingawa naelewa kwa nini unauliza. Studio ziliwauza mastaa wao kama watu wasiobadilika, na watazamaji walirudi kumwona yuleyule. Hata hivyo, weka Casablanca ya mwaka 1942 kando ya The African Queen ya mwaka 1951, ambayo John Huston aliipiga kwa sehemu kubwa Kongo na Uganda. Katika ile ya kwanza, Bogart anatumia misuli michache ya uso iwezekanavyo, na wimbo wa zamani unapopigwa, maumivu yanaonekana kwa kuwa anayazuia. Katika ya pili ni nahodha mchafu wa mashua mbovu, anayewaigiza viboko na nyani ili kumchekesha mmisionari wa Katharine Hepburn, naye amelegea mwili mzima. Hepburn alisimulia kwamba Huston alimshauri amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani wakati wa vita, akiwatembelea wanajeshi waliojeruhiwa, akiwa na tabasamu lake la kuwatia moyo, na ukilijua hilo utaona tabasamu lile likifanya kazi hata mashua inapozama. Bogart alipata Oscar kwa filamu hiyo, ambayo ndiyo pekee aliyowahi kupata.

SWALI: Tuna kikundi cha vijana wanaotazama filamu Jumamosi kwa projekta ya kanisa. Tuanze na ipi? (Umoja)

JIBU: Anzeni na 12 Angry Men ya mwaka 1957, ya Sidney Lumet. Inachukua dakika 96, na karibu yote inatokea katika chumba kimoja ambamo wanaume kumi na wawili wa baraza la mahakama wanaamua kama kijana atahukumiwa kifo. Lumet aliwafanyisha mazoezi kwa wiki mbili kabla ya kupiga picha, na kadiri hadithi inavyosonga alibadilisha lenzi ili kuta zionekane zikiwabana. Wengi watamfuata Henry Fonda, kwa kuwa ndiye anayesema zaidi. Mimi nashauri kila kijana apewe mzee mmoja wa baraza, asimwondolee macho hata anapokaa kimya nusu saa, kisha aeleze ni lini hasa mtu huyo alibadili mawazo. Atakayepewa E. G. Marshall, yule wa nne mwenye miwani, awe makini na jasho: mapema anajigamba kwamba yeye hatoki jasho, na joto la chumba halimsumbui hadi anapoulizwa kuhusu filamu aliyoitazama siku chache zilizopita.